Mbona amerudi tena? Homoni ya msongo na utafiti wa dawa ya uraibu wa kokeini

Swali linaloumiza zaidi familia iliyo na mraibu si lile la "alianza vipi?" Ni lile la "mbona amerudi tena?" Kijana amekaa miezi mitatu katika kituo cha kurekebisha tabia. Ametoka amenawiri, aswali jamaa, amepata kibarua, na mamake ameanza kulala usingizi. Kisha siku moja agombana na mtu, au apata habari mbaya, na kabla ya Isha amesharudi maskani.

Majibu yetu ya mtaani huwa mawili. La kwanza, hana imani. La pili, kuna mtu amemfanyia. Lipo jibu la tatu, ambalo wanasayansi wamelifanyia kazi kwa zaidi ya miaka 30, nalo lahusu kitu ambacho kila mmoja wetu anacho mwilini: homoni ya msongo. Jibu hilo limezaa wazo la tiba. Ikiwa homoni hii ndiyo inayomsukuma mtu arudi kwenye kokeini, je, yawezekana kuizuia kwa dawa?

Nimeona nieleze utafiti huo kwa lugha yetu, ulikoanzia, ulikofika na ulikokwama. Sababu zangu ni mbili. Kwanza, habari za "dawa mpya ya kokeini" huzungushwa kwenye simu bila maelezo, na mzazi aliyekata tamaa hununua chochote. Pili, hata kabla ya dawa kupatikana, utafiti wenyewe una funzo ambalo familia yaweza kulitumia leo bila kutoa hata shilingi. Mimi si daktari, na hakuna mahali hapa ninapomwandikia mtu dawa.

Kwa nini kokeini haina methadoni yake

Wengi wetu hapa Pwani twaijua methadoni. Tangu mwaka 2015 watu waliokuwa wakitumia heroini, ambayo sisi twaiita unga, wamekuwa wakifika kliniki ya Malindi kunywa dozi yao mbele ya mhudumu wa afya. Baadaye huduma hiyo ikafika Mombasa na Kwale. Kwa hivyo mtu akisikia habari za kokeini huuliza, methadoni yake iko wapi?

Haipo. Heroini hufanya kazi kwa kushika vipokezi maalumu katika ubongo. Methadoni hushika vipokezi hivyo hivyo, lakini polepole na kwa saa nyingi, kwa hivyo mtu hapati arosto na hana haja ya kutafuta unga kila baada ya saa chache.

Kokeini hupitia mlango mwingine. Ndani ya ubongo kuna kemikali iitwayo dopamini, ambayo seli moja huitoa ili kupeleka ujumbe kwa seli nyingine. Ujumbe ukishafika, dopamini hufyonzwa ikarudi ilikotoka. Kokeini huiziba njia hiyo ya kurudia. Dopamini hujaa, na mtu huhisi raha kali ya muda mfupi. Raha ikiisha, hubaki kumbukumbu yake, na kumbukumbu hiyo ndiyo ngumu kuitibu.

Watafiti wamejaribu dawa za sonona, dawa za kifafa na nyinginezo nyingi. Hadi sasa mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, haijaidhinisha dawa hata moja ya kutibu uraibu wa kokeini. Pengo hilo ndilo lililowafanya baadhi yao waache kuiangalia raha peke yake, wakageukia msongo.

Na asidhani mtu kwamba kokeini ni shida ya ng'ambo tu. Desemba 2004, zaidi ya tani moja ya kokeini ilinaswa Malindi na Nairobi. Ni kweli kwamba mitaani kwetu mzigo mkubwa ni unga, lakini sehemu kubwa ya nitakayoyaeleza kuhusu kurudi yamhusu mtumiaji wa unga pia.

Homoni ya msongo ni nini?

Mtu wa kwanza kulivalia njuga somo hili alikuwa Hans Selye, mwanasayansi aliyefanya kazi Montreal, Kanada. Mwaka 1936 alichapisha barua fupi katika jarida la Nature akieleza kwamba mwili huitikia madhara ya aina mbalimbali kwa njia zinazofanana. Baridi, jeraha, sumu, vyote huamsha mwitikio mmoja.

Leo twajua mwitikio huo unavyosafiri. Ubongo ukihisi hatari, sehemu yake iitwayo haipothalamasi hutoa kemikali inayofupishwa CRF. Kemikali hii iligunduliwa mwaka 1981 na Wylie Vale na wenzake katika Taasisi ya Salk, California. CRF huiamrisha tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, nayo itoe homoni iitwayo ACTH. ACTH husafiri kwa damu hadi kwenye tezi za adrenali, ambazo zimekaa juu ya figo kama kofia. Tezi hizo ndizo zinazotoa kortisoli, homoni tunayoizungumzia. Panya naye ana ya kwake inayofanya kazi hiyo hiyo, iitwayo kortikosteroni.

Kortisoli si adui. Bodaboda akikukosa kosa barabarani, kortisoli husaidia kupandisha sukari kwenye damu ili misuli na ubongo vipate nguvu. Husaidia kudhibiti shinikizo la damu na uvimbe. Asubuhi hupanda ikatuamsha, na usiku hushuka tukalala. Asiyekuwa nayo kabisa hufa. Taabu huja pale hatari inapokuwa haina mwisho: deni, fedheha, ugomvi wa nyumbani, kukosa kazi mwaka baada ya mwaka. Hapo kengele hulia bila kunyamaza.

Sasa hapa ndipo penye fumbo. Kokeini yenyewe hupandisha ACTH na kortisoli. Mtu huitumia ili aukimbie msongo, kumbe yauwasha moto ule ule. Na akiacha, mfumo wake wa msongo hubaki umelegea kama breki zilizochakaa. Jambo dogo kwako, kwake laweza kuwa kubwa.

Yaliyoonekana kwa panya

Katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana, tawi la Shreveport, mtaalamu wa dawa Nicholas Goeders alifanya majaribio ambayo hadi leo yanatajwa. Katika kazi aliyoichapisha na mwenzake Glenn Guerin mwaka 1994, panya waliwekwa katika makundi matatu. Panya wa kundi la kwanza alikuwa akibonyeza kitufe apate chakula, na mara nyingine kubonyeza huko kulimletea shoti ndogo ya umeme miguuni. Wa kundi la pili alipata shoti zile zile, wakati ule ule, lakini hakuwa na lolote la kuzifanyia. Zilimjia tu. Wa kundi la tatu hakupigwa shoti kabisa. Kisha wote wakapewa nafasi ya kujidunga kokeini.

Waliopigwa shoti wasizoweza kuzizuia ndio waliojifunza kutumia kokeini kwa dozi ndogo zaidi kuliko wenzao. Nakuomba ulizingatie hilo, ndugu msomaji. Makundi mawili yalipata maumivu sawa. Kilichowatofautisha ni kwamba kundi moja halikuwa na uwezo wowote juu ya maumivu yake.

Mwaka 1996 watafiti hao walionyesha kwamba panya walioondolewa tezi za adrenali, yaani wasio na homoni ya msongo, hawakujifunza kutumia kokeini kama wengine. Mwaka huo huo Suzanne Erb, Yavin Shaham na Jane Stewart wa Chuo Kikuu cha Concordia, Montreal, walichapisha jambo jingine. Panya waliokuwa wamezoea kokeini waliachishwa, wakakaa wiki kadhaa bila kuipata. Kisha wakapigwa shoti kwa dakika chache tu. Wakakirudia kitufe cha kokeini, wakakibonyeza ingawa hakikuwa na kitu tena. Mwaka mmoja kabla yake, Shaham na Stewart walikuwa wameonyesha hali hiyo hiyo kwa panya waliozoea heroini.

Basi hiyo ndiyo picha ya kijana wetu wa miezi mitatu. Dawa imetoka mwilini, lakini njia ya kuirudia bado iko wazi, na msongo ndio unaomshika mkono.

Yaliyoonekana kwa binadamu

Mtu hawezi kupigwa shoti kwa ajili ya utafiti. Profesa Rajita Sinha wa Chuo Kikuu cha Yale alitumia njia nyingine. Aliwachukua watu waliokuwa wamelazwa kutibiwa uraibu wa kokeini, akamwomba kila mmoja asimulie tukio la maishani mwake lililomuumiza. Simulizi hiyo ikarekodiwa, kisha mgonjwa akasikilizishwa habari yake mwenyewe. Siku nyingine alisikilizishwa simulizi ya kitu tulivu.

Waliposikia machungu yao, hamu ya kokeini ilipanda, na homoni za msongo zikapanda pamoja nayo. Walipotoka hospitalini walifuatiliwa kwa siku 90. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006, wale ambao hamu yao ilipanda zaidi kwa sababu ya msongo ndio waliorudi mapema zaidi. Na wale ambao homoni zao zilipanda zaidi ndio waliotumia kokeini nyingi waliporudi.

Hakuna aliyewaonyesha kokeini. Hakuna rafiki aliyewashawishi. Kumbukumbu ya jambo chungu pekee ilitosha.

Mchanganyiko wa metiraponi na oksazepamu

Goeders alitaka kujua kama mnyororo huo waweza kukatwa. Alichagua metiraponi, dawa ya miaka mingi ambayo huzuia tezi za adrenali zisitengeneze kortisoli. Madaktari huitumia kwa ugonjwa wa Cushing, ambao mwili wake hutoa kortisoli kupita kiasi. Akaiunganisha na oksazepamu, dawa ya kutuliza wasiwasi iliyo katika ukoo mmoja na Valium. Wazo lilikuwa kwamba dawa mbili zinazougusa msongo kwa njia tofauti, kila moja kwa kipimo kidogo, zitafanya kazi pamoja bila madhara makubwa. Mwaka 2008 alichapisha kwamba kwa panya mchanganyiko huo ulipunguza matumizi ya kokeini bila kuwaondolea hamu ya chakula. Jambo hili lina uzito, kwa maana dawa inayomlaza mtu tu, asitake chochote, haikumponya.

Jaribio dogo la kwanza kwa wagonjwa lilichapishwa mwaka 2012. Walishiriki watu 45 wenye uraibu wa kokeini, wakagawanywa kwa bahati nasibu: kipimo cha chini, kipimo cha juu, na vidonge visivyo na dawa yoyote. Si mgonjwa wala mhudumu aliyejua nani anameza nini. Matibabu yalikuwa ya wiki sita. Kwa waliopata dawa, hamu na matumizi ya kokeini vilishuka, katika vipimo kadhaa kwa takriban nusu.

Habari njema, lakini soma na upande wa pili. Watu 45 ni wachache. Takriban nusu yao ndio waliofika mwisho, wengine walijitoa njiani. Na wiki sita ni muda mfupi mno kwa ugonjwa unaodumu miaka. Goeders pia alishiriki kuanzisha kampuni, Embera NeuroTherapeutics, ya kuuendeleza mchanganyiko huo kwa jina la EMB-001. Si kosa kwa mgunduzi kuwa na kampuni, kwani dawa nyingi hufika sokoni kwa njia hiyo. Ila ndiyo sababu matokeo yake yanahitaji kurudiwa na watu wasio na hisa humo, kwa wagonjwa wengi zaidi, kabla hatujaiita tiba.

Dawa nyingine zilizojaribiwa

Metiraponi haiko peke yake. Nazipanga hapa kwa mahali zinapoukata mnyororo, ili msomaji akikutana na jina mojawapo ajue ni lipi.

*Wanaozuia kortisoli isitengenezwe.* Mbali na metiraponi kuna ketokonazoli, dawa ya fangasi ambayo kwa kipimo kikubwa hupunguza kortisoli. Ilipojaribiwa kwa watumiaji wa kokeini, homoni ilishuka lakini raha waliyoihisi haikupungua, na jaribio la mwaka 2002 kwa watu waliokuwa wakipata methadoni huku wakitumia kokeini halikuonyesha faida.

*Wanaoziba kipokezi cha kortisoli.* Mifepristoni inajulikana zaidi kwa kutoa mimba, lakini hutumiwa pia kwa ugonjwa wa Cushing. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio la watu 56 wenye uraibu wa pombe. Waliopewa mifepristoni kwa wiki moja walipungukiwa na hamu na unywaji. Hiyo ni pombe, si kokeini, lakini mlango ni ule ule.

*Wanaoizuia CRF juu kabisa ya mnyororo.* Hapa ndipo matumaini yalipokuwa makubwa, kwa sababu kwa panya zilifanya kazi vizuri sana. Pekserafonti na verusafonti zilijaribiwa kwa watu wenye uraibu wa pombe, matokeo yakatoka 2015 na 2016. Hazikupunguza hamu. Mlango uliofunguka kwa panya haukufunguka kwa binadamu.

*Wanaotuliza noradrenalini.* Hii ni kemikali nyingine ya msongo, ile inayoufanya moyo udunde na mikono itetemeke. Dawa zake nyingi ni za shinikizo la damu: guanfasini, prazosini, doksazosini, propranololi. Watafiti wa Yale waliona guanfasini ikipunguza hamu inayoletwa na msongo, hasa kwa wanawake. Propranololi ilionekana kuwasaidia wale tu waliokuwa na dalili kali za kuacha kokeini.

Ukizitazama zote pamoja waona mambo mawili. Kwanza, hakuna hata moja iliyofika mwisho wa safari. Pili, zinapofaa, huwafaa baadhi ya watu na katika wakati fulani, yaani pale msongo unapogonga hodi. Hazimzuii mtu asihisi raha akiitumia kokeini. Huenda hii ndiyo sababu majaribio yaliyopima raha yalishindwa, ilhali yaliyopima hamu ya wakati wa msongo yakaona kitu. Mtu anayerudi kwa sababu ya marafiki na karamu ana ugonjwa ule ule kwa jina, lakini amerudi kupitia mlango mwingine.

Usinunue, usijaribu

Hapa naomba wazazi wanisikilize. Dawa hizi zipo duniani kwa magonjwa mengine, na penye dawa hapakosi mtu wa kuziuza chini ya meza. Mwenye kuzuiwa kortisoli bila uangalizi aweza kuishiwa na sukari na shinikizo la damu, akazirai, hata kufa, hasa akiwa na homa au akifanyiwa upasuaji. Dozi ya kwanza ya prazosini au doksazosini yaweza kumwangusha mtu anaposimama. Propranololi na dawa za jamii yake huwatia madaktari wasiwasi kwa mtu ambaye bado ana kokeini mwilini, kwa sababu mishipa ya moyo yaweza kubana.

Oksazepamu nayo ni ya ukoo ule ule wa tembe ambazo vijana wetu huziita bugizi. Dawa za ukoo huu zina uraibu wake. Zikichanganywa na unga, au na methadoni, mtu hupumua polepole mpaka akasahau kupumua. Tumezika vijana kwa mchanganyiko wa namna hii. Katika jaribio la Marekani kipimo kilikuwa kidogo na wagonjwa walikuwa wakipimwa. Nyuma ya duka mtaani hakuna wa kupima.

Je, ni ugonjwa au ni dhambi?

Najua kuna msomaji aliyefika hapa akiwa na swali kifuani. Tukisema ni homoni, hatujampa mraibu kisingizio? Vilevi ni haramu, jambo hili halina mjadala baina yetu Waislamu, na makala haya hayaji kuligeuza.

Lakini tumefunzwa pia kwamba hakuna ugonjwa ulioteremshwa pasi na dawa yake, na kwamba kutafuta tiba ni jambo jema. Mtu aliyepata ajali akiendesha gari kwa fujo ana makosa yake, na bado twamfunga mguu uliovunjika. Hatumwachi barabarani ili ajifunze. Kujua kwamba mwili wa mraibu humsukuma kwa nguvu ambayo wewe hujawahi kuionja hakumwondolei jukumu la kutubu na kupambana. Kunatuondolea sisi tu ruhusa ya kumdharau.

Tena, utafiti wenyewe hausemi kwamba mtu hana uwezo. Wasema kinyume chake. Kumbuka panya wa Shreveport: waliodhurika zaidi ni walionyang'anywa uwezo juu ya maumivu yao. Sala, kazi, jukumu dogo la nyumbani, hivi humrudishia mtu usukani.

Familia ifanye nini leo?

Tiba yenye ushahidi mzuri zaidi kwa kokeini hadi sasa haina kidonge ndani yake. Mapema katika miaka ya 1990, Stephen Higgins wa Chuo Kikuu cha Vermont, Marekani, alianza kuwapa wagonjwa vocha kila kipimo cha mkojo kilipoonyesha hawana kokeini. Vocha hizo zilibadilishwa kwa bidhaa na huduma za maana, si pesa taslimu, na ziliandamana na ushauri nasaha. Tangu hapo njia hiyo imerudiwa mara nyingi na kuonyesha faida. Yaani mtu apate kitu chema, haraka, kwa kila siku safi, badala ya kungojwa akosee ndipo aonekane.

Jaribio jingine la kufaa kulijua ni la mwaka 2018, lililofanywa Baltimore na Marco Venniro, Yavin Shaham na wenzao. Panya waliozoea methamfetamini au heroini walipewa chaguo: kitufe cha dawa, au kitufe cha kufungua mlango wakutane na panya mwenzao. Karibu wote walimchagua mwenzao. Kilichowarudisha kwenye dawa ni pale mwenzao alipocheleweshwa, au kukutana naye kulipoambatanishwa na shoti.

Nikalinganisha na nyumba zetu. Kijana arudi kutoka kituoni, na kukutana na watu wake kunaambatana na shoti tangu mlangoni. Anaitwa teja mbele ya wadogo zake. Kikipotea kijiko, anapekuliwa yeye. Mjomba amwekea kikao cha saa mbili kumkumbusha aliyoyaiba. Twasema mchelea mwana kulia hulia yeye, tukidhani ukali ndio dawa. Kwa mtu ambaye kengele yake ya msongo imeharibika, ukali wa aina hiyo ni kumsindikiza maskani.

Sisemi familia imfungulie sanduku la pesa. Mipaka ni lazima, na mama ana haki ya kulinda mali yake. Mpaka ukitajwa mapema, kwa utulivu, na ukawa ni ule ule kila siku, hupunguza msongo kwa sababu mtu anajua anaposimama. Kinachouongeza ni adhabu isiyotabirika. Kwa hivyo:

- Wiki za kwanza baada ya kurudi ndizo za hatari. Madeni, kesi, habari za talaka na ugomvi wa urithi, yanayoweza kungoja yangoje.
- Muulize ni hali gani humtia hamu, na mpange pamoja atafanya nini ikimjia: ampigie nani, aende wapi. Hamu hupanda kama mawimbi, na hupoa.
- Usingizi, chakula kwa wakati na kazi yoyote ya halali ni sehemu ya tiba.
- Mpe jukumu analoliweza na umshukuru akilitimiza siku hiyo hiyo.
- Akianguka, arudishwe kwenye matibabu mapema. Kuanguka mara moja hakufuti miezi mitatu aliyojitahidi.
- Kama alikuwa akitumia unga, jueni kwamba mwili wake hauwezi tena dozi aliyokuwa akiizoea. Kurudi mara moja tu kwaweza kumuua.

Simu ya bure ya NACADA ni 1192, na yeyote aweza kupiga, mraibu au mzazi. Hapa Pwani kuna mashirika yaliyofanya kazi hii kwa miaka, kama Reachout Centre Trust mjini Mombasa na Omari Project ya Malindi, iliyoanza mwaka 1995. Imamu na walimu wa madrasa nao wana nafasi kubwa, kwa sababu neno moja la hutuba dhidi ya kuwadhihaki waliotubu hufika nyumba ambazo hakuna mshauri nasaha aliyewahi kuingia.

Kwa serikali zetu za kaunti nina ombi moja. Vituo vingi huhesabu siku za ndani, siku 90 na cheti, kisha mtu huachiwa langoni. Utafiti wa Yale uliwafuatilia wagonjwa siku 90 baada ya kutoka, kwa sababu huko ndiko vita vilikokuwa. Bajeti ya marekebisho isiyo na mtu wa kumtembelea kijana nyumbani katika miezi hiyo mitatu imeishia njiani.

Dawa ya kuzuia homoni ya msongo huenda ikaja, na ikija na ushahidi wa kutosha nitakuwa wa kwanza kuwaandikia. Kwa sasa, aliye na mtu anayetarajiwa kurudi nyumbani wiki hii akae na jamaa zake kabla hajafika, wakubaliane ni nani atakayempokea mlangoni na ni maneno gani hayatasemwa siku hiyo.